Gitaa mahali pa mwimbaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapigaji wa Lubumbashi

Majibu haya ni ya mtu anayeshika gitaa tayari, awe wa bendi ya mitaa yetu ya Kenya, Katuba au Kamalondo, au wa kanisani, na sasa anataka kupiga jazi laini iliyochanganywa na roki, bluzi na soul. Asiyejua bado kubana akodi tatu za kwanza ajifunze hizo kwanza, halafu arudi hapa.

Muziki huu ni muziki gani hasa?

Ni muziki wa ala ambamo gitaa linabeba wimbo mzima, likisimama pale ambapo kwa kawaida angesimama mwimbaji. Akodi zimetoka kwenye jazi: za 7, za 9, za 13. Mdundo ni wa soul, yaani besi nene, na ngoma ya sneo inagonga pigo la 2 na la 4. Bluzi imeleta kamba zinazopindwa na zile noti ambazo hujui zinacheka au zinalia. Roki imeleta sauti ndefu yenye mkwaruzo kidogo, inayoendelea kukaa hewani wakati kidole kimetulia. Nyimbo nyingi zinakwenda kati ya mapigo 80 na 105 kwa dakika.

Jina la jazi laini lilienezwa na redio za Marekani. Kituo cha KTWV cha Los Angeles kilianza kupiga muziki wa aina hii mwaka 1987, lakini wapiga gitaa walikuwa wameshauanza miaka 20 kabla.

Mbona watu wa jazi wenyewe wanaudharau?

Kwa sababu mwingi uliouzwa baadaye ulikuwa muziki wa kusubiria daktari: mtamu, hauna kosa, na hauna mtu ndani yake. Dharau hiyo tunaielewa. Dawa yake ni bluzi. Kipande kisicho na hata noti moja ya kuuma, kirudishe jikoni.

Nianze kumsikiliza nani?

Anza na Wes Montgomery wa Indianapolis (1923–1968), aliyepiga kwa kidole gumba badala ya mediatori (kile kiplastiki cha kupigia kamba). Kisha sikiliza kundi la Booker T. & the M.G.'s la mwaka 1962, na umfuate mpiga gitaa wao, Steve Cropper, peke yake: utashangaa jinsi anavyopiga kidogo. Upande wa roki, chukua albamu ya Jeff Beck ya mwaka 1975, Blow by Blow, iliyosimamiwa studioni na George Martin, yule yule wa Beatles. Breezin' ya George Benson ya mwaka 1976 ilishika nafasi ya 1 kwenye orodha za Billboard za pop, za jazi na za muziki wa soul kwa pamoja, na ukiisikiliza utaelewa kwa nini: gitaa linaongea kama mtu. Larry Carlton, anayeitwa Mr. 335 kwa ajili ya Gibson ES-335 yake, ndiye mwalimu bora wa mchanganyiko huu wote. Robben Ford akufundishe bluzi, Earl Klugh akufundishe gitaa la kamba za nailoni, na Jonathan Butler wa Cape Town akuonyeshe kwamba Afrika imo humu pia.

Usisikilize kumi kwa siku moja. Chukua kipande kimoja, uimbe wimbo wake kwa mdomo mpaka ukiweze bila kusikiliza, ndipo uushike mpini wa gitaa.

Napiga sebene (ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu katika rumba) miaka mingi. Nitapata shida kuhama?

Vidole vyako vitakusaidia, mazoea yako yatakuchelewesha. Mpiga sebene ana mkono wa kulia ulionyooka, noti safi, na sikio lililozoea kuishi katikati ya magitaa matatu, yaani solo, mi-solo na akompa, bila kumkanyaga mwenzake. Hayo yote ni mtaji.

Shida ziko nne. Ya kwanza ni kujaza: kwenye sebene wachezaji wanataka mzunguko usikatike, kwa hiyo kila pengo linazibwa. Huku pengo ndilo pumzi ya mwimbaji, na ukiliziba unabaki na kelele nzuri. Ya pili, noti zote zinatoka na nguvu sawa. Ya tatu, mkono unakimbia mbele ya pigo, wakati soul inataka ukae nyuma kidogo, kama mtu anayetembea baada ya kula. Ya nne ni akodi za sauti tatu tu, ambazo chini ya wimbo wa namna hii zinasikika kama nyumba isiyopauliwa.

Zoezi la kurekebisha tatu za kwanza: weka metronomu kwenye mapigo 42, na kila mlio uuhesabu kuwa ni pigo la 2, kisha la 4. Mwendo wako halisi ni 84. Piga vipimo viwili (kipimo ni mapigo manne), nyamaza vipimo viwili, dakika 10 kila siku. Unapopiga, imba noti hizo hizo kwa sauti. Pumzi ikikwisha, gitaa nalo linyamaze. Wiki ya kwanza karibu kila mtu anageuza bila kujua, ule mlio anausikia kama 1 na 3. Ukigundua umegeuza, simama kabisa, sema kwa mdomo "moja", mlio, "tatu", mlio, halafu uingie tena. Kujirekebisha ukiwa unaendelea kupiga hakufaulu.

Akodi za mtandaoni zinaandikwa A, B, C. Sisi tunasema la, si, do.

A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol. Herufi m ndogo ni mineri, akodi yenye sauti ya huzuni kidogo. Hivyo Am7 ni la mineri ya 7. Zizoee herufi, maana programu nyingi za simu zinazitumia.

Nipeni akodi mbili tu za kuanzia, na kitu cha kupiga juu yake.

Chukua Am7 na D9, kila moja kipimo kimoja, mwendo 92.

Kamba ya 6 ndiyo nene kuliko zote, ya 1 ndiyo nyembamba; fureti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Am7: kamba ya 6 fureti ya 5, kamba ya 4, ya 3 na ya 2 zote fureti ya 5. Kamba ya 5 na ya 1 zizimwe. D9: kamba ya 5 fureti ya 5, ya 4 fureti ya 4, ya 3 na ya 2 fureti ya 5. Angalia vidole: kamba ya 3 na ya 2 hazihami. Kama kuna mpiga besi, ondoa noti ya chini kabisa katika zote mbili. Yeye anayo tayari, na mkigongana huko chini sauti inakuwa matope.

Sasa solo. Karibu kila mmoja anajua lile boksi la bluzi la la mineri kwenye fureti ya 5: la, do, re, mi, sol. Juu ya Am7, weka kidole kwenye kamba ya 2 fureti ya 8 (sol), uipinde mpaka ifike la, uiachie, ushuke fureti ya 5 ya kamba hiyo hiyo (mi), kisha kamba ya 3 fureti ya 7 (re), na utulie kwenye fureti ya 5 (do). Hiyo ni bluzi, na ni nzuri.

D9 inapoingia ndipo wengi wanapoharibu. Wanarudi kwenye ile sol ya fureti ya 8 na kukaa juu yake. Ndani ya D9 mna fa diezi (fa iliyopandishwa nusu sauti), na sol iko nusu sauti juu yake. Zinasuguana kama magunia mawili mlangoni. Rudi fureti moja tu: kamba ya 2, fureti ya 7. Hiyo ndiyo fa diezi. Ikae pigo mbili, iache ilie. Fureti moja hiyo imetutoa kwenye bluzi na kutuingiza kwenye jazi, na hakuna mtu aliyekuuliza jina la skeli. Am7 ikirudi, rudi fureti ya 8. Kaa na zoezi hili wiki mbili kabla ya kutafuta lingine.

Oktava za Wes Montgomery zinashikwaje?

Noti ya chini ikiwa kwenye kamba ya 6 au ya 5, ya juu iko kamba mbili mbele na fureti mbili juu. Ikiwa kwenye kamba ya 4 au ya 3, ya juu iko kamba mbili mbele na fureti tatu juu. Kamba ya katikati inazimwa na nyama ya kidole cha shahada, kile kile kilichoshika noti ya chini; ncha yake inagusa tu, haibani. Ukisikia noti ya tatu isiyoalikwa, kidole hicho kimesimama wima mno. Kilaze kidogo.

Kidole gumba au mediatori?

Vyote viwili, kwa kazi tofauti. Mediatori nene (milimita 1 hadi 1,5) kwa mistari ya haraka na mkwaruzo wa roki. Gumba kwa wimbo wa polepole na oktava, kwa sababu nyama haina kile kimlio cha "tik" cha plastiki mwanzoni mwa noti.

Na hapa Katanga gumba si kitu cha kigeni. Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alifanya gitaa moja lisikike kama mawili kwa gumba na kidole cha shahada tu. Kama baba mdogo au babu nyumbani bado anapiga hivyo, kaa karibu yake utazame gumba linavyoshika mwendo bila kutetemeka. Mkono huo ukiutia kwenye Am7 na D9, unapata rangi yako mwenyewe.

Nikipinda kamba inasikika kama imekosewa.

Kwa kawaida haijafika. Piga kwanza noti unayoiendea (kwa sol ya fureti ya 8, gusa la ya fureti ya 10), uisikie, kisha pinda mpaka ilingane. Tumia vidole vitatu, viwili visukume nyuma ya kile kinachobana, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono. Mtetemo wa kumalizia noti uwe wa polepole na uanze baada ya noti kutulia. Mtetemo wa haraka tangu mwanzo unasikika kama mbuzi.

Gitaa gani linafaa, na kamba zipi?

Lenye tumbo nusu, aina ya ES-335, ndilo rahisi kuliko yote: lina ubao katikati, kwa hiyo halipigi mluzi haraka kama gitaa la jazi lililo wazi ndani. Lakini gitaa la ubao mtupu lenye mikro (kile kinachonasa mlio wa kamba) nzuri upande wa shingoni linafanya kazi hiyo vizuri. Usiuze ulilonalo kwa sababu hiyo.

Kamba (namba ni unene wa kamba ya 1 na ya 6): seti ya 10–46 kwa anayepinda sana, 11–49 kwa anayetaka sauti nene. Seti za 12 zenye kamba ya 3 iliyozungushiwa waya ni za jazi ya zamani. Hizo huzipindi, zinakupinda wewe. Urefu wa kamba juu ya fureti ya 12 uwe kama milimita 1,6 upande mwembamba na 2 upande mnene. Nunua seti tatu kwa mpigo, na jihadhari na pakiti za bei ya kutupa zenye jina kubwa: nyingi ni za bandia, kamba ya 1 inakatika unapoikaza mara ya kwanza.

Kila Agosti gitaa langu linakwaruza fureti za mwanzo, na ncha za fureti zinachoma mkono. Mvua ikirudi, linapona. Ni uchawi?

Ni hewa. Kuanzia Mei hadi Septemba Lubumbashi inakauka kabisa. Ubao unapoteza maji na kunywea, chuma cha fureti hakinywei, ndiyo maana ncha zinatokeza pembeni. Shingo nayo inanyooka mno au kupinda kinyumenyume, na kamba zinagusa fureti za 1 hadi 5. Kuanzia Novemba ubao unakunywa tena, shingo inajikunja mbele, na kamba zinapanda.

Kipimo: bana kamba ya 6 kwenye fureti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, kisha angalia nafasi kati ya kamba na fureti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe milimita 0,2 hadi 0,3, yaani kama unene wa kadi nyembamba. Hakuna nafasi kabisa? Legeza chuma cha ndani ya shingo kwa kugeuza kushoto robo mzunguko, basi. Subiri mpaka kesho, pima tena. Ukiona ufunguo unakataa, usilazimishe. Chuma hicho kikikatika, shingo imekwenda.

Kinga: chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu kumi upande wa juu, weka sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe hata tone. Kiweke ndani ya sanduku la gitaa karibu na kichwa, kisiguse ubao, ufunge. Jaza kila siku ya 4 au ya 5. Mvua zikianza, kitoe, usije ukafuga ukungu.

Ndugu yangu ameniletea ampli kutoka Marekani. Niichomeke?

Ngoja kwanza! Geuza nyuma usome. Ikiandikwa 120 V peke yake, umeme wetu wa 220 V utaiua kwa sekunde moja. Kwa bahati nzuri itakufa fyuzi, kwa bahati mbaya transfoma. Unahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo angalau mara mbili ya matumizi ya ampli: ampli inayokula wati 80, transfoma ya 200. Ikiandikwa 100–240 V, chomeka bila wasiwasi.

Ampli za taa, zile zenye mirija ya kioo ndani, zina sauti tamu, tunakubali. Lakini umeme unaoshuka mpaka 170 kisha kuruka ghafla unazichosha, na taa za kubadilisha hazipatikani kila kona. Kwa mtu wa hapa, ampli ya transista au ya kidijitali ya wati 40 hadi 60 yenye spika ya inchi 10 au 12 ni chaguo la akili. Weka stabilaiza mbele yake, na umeme ukikatika zima swichi. Pigo baya ni lile la umeme unaporudi.

Nifanye mazoezi vipi bila umeme?

Betri ya risasi ya 12 V, saa-ampea 100, ina wati-saa 1200. Itumie nusu tu, isije ikafa mapema: zinabaki 600. Toa hasara ya inverta, kama asilimia 15, unapata 510. Ampli ndogo na kompyuta pamoja vikila wati 120, una zaidi kidogo ya saa nne. Inverta iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi zinatia mvumo kwenye gitaa ambao hakuna pedali (kisanduku cha kukanyaga cha kubadili sauti) itakayouondoa.

Gitaa linavuma, na nikigusa maikrofoni napigwa shoti mdomoni.

Mvumo unaopungua ukigusa kamba unaweza kumaanisha nyumba haina waya wa ardhini au umekatika mahali. Mvumo unaobadilika ukigeuka upande mwingine unatoka kwenye mikro yenyewe, inaokota chaja ya simu au taa. Sogea mita mbili.

Shoti ya mdomoni usiizoee, inaua. Inatokea ampli na sono (mitambo ya maikrofoni na spika za ukumbi) zinapochomekwa kwenye soketi mbili zisizo na ardhi moja. Chomeka vyote kwenye soketi-refu moja, na fundi aweke ardhi ya kweli: fimbo ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba, ikae kwenye udongo wenye unyevu. Ule mguu wa tatu wa plagi ambao watu wanaukata ili iingie ukutani, ndio uliowekwa kukulinda.

Pedali zipangwe vipi, na vitufe viwe wapi?

Gitaa, kompresa (inayosawazisha noti za nguvu na za upole), mkwaruzo, mwangwi wa kurudia, mwangwi wa chumba, ampli. Ukiweka mkwaruzo baada ya myangwi, kila marudio yanakwaruzwa na yote yanakuwa uji.

Kwenye gitaa: mikro ya shingoni, voliumu 7, toni 5. Kwenye ampli: besi 4, kati 6 au 7, juu 4. Kompresa 3 kwa 1. Mkwaruzo uwe mdogo kiasi kwamba ukipiga kwa upole hausikiki, ukikaza mkono unatokea. Hapo mkono wako ndio pedali. Mwangwi wa kurudia unahesabiwa: gawa 60 000 kwa mwendo wa wimbo. Kwa mwendo 90 unapata milisekunde 667 kwa pigo zima, 333 kwa nusu. Chukua 333, marudio mawili, sauti yake isizidi asilimia 20. Chumba kidogo chenye kuta za tofali kina mwangwi wake tayari, punguza.

Pedali nyingi zinataka 9 V, hasi katikati. Chaja ya modemu inaweza kuingia vizuri kwenye tundu ikiwa na chanya katikati, na pedali ikafa papo hapo. Soma ule mchoro mdogo.

Nirekodi vipi nyumbani?

Njia ya uhakika ni maikrofoni ya kawaida ya mwimbaji, sentimita 3 kutoka kitambaa cha spika, ikielekea katikati ya duara na ukingo wake. Ukielekeza katikati kabisa, sauti inachoma. Ukiingia moja kwa moja kwenye kompyuta, tumia tundu la gitaa la kadi ya sauti, na lazima uwashe programu inayoiga spika. Bila hiyo mkwaruzo unasikika kama nyuki ndani ya kopo. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, vilele visipite –10 dB. Noti ikichelewa kusikika, shusha bafa (akiba ya sauti ndani ya programu ya kurekodi) hadi 128.

Bendi iwe na watu wangapi?

Wanne: gitaa, besi, kinanda, ngoma. Kinanda kitoe sauti ya Rhodes (piano ya umeme) au ogani, na mkono wa kushoto wa mpigaji upumzike, maana besi ipo. Gitaa la pili likija lipige vipande vifupi kwenye pigo la 2 na la 4, juu ya fureti ya 7, na linyamaze wimbo unapopigwa.

Nikipiga wimbo wa mtu mwingine bila maneno, hotelini au kwenye rekodi, ninadaiwa?

Ndiyo. Kuondoa maneno hakuondoi haki ya aliyetunga wimbo. Kwa maonyesho, mwenye ukumbi ndiye anayepaswa kulipana na SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, lakini muulize kabla ya kusaini. Kwa rekodi ya kuuza au kuweka mtandaoni, kibali unatafuta wewe. Hotelini, kwa njia, anza na sauti ambayo wahudumu wanaweza kuagizwa chai bila kupayuka. Ongeza baada ya saa moja, watu wakishaanza kugeuza viti.